Stefano Lugome, Mzee wa Baraza Aliyeulizwa Desturi

Jamaa na majirani, marehemu Stefano Lugome alizaliwa hapa Mgeta, mwaka wa njaa ile iliyowalisha watu maganda ya ndizi. Tarehe haikuandikwa, kwa kuwa aliyejua kuandika alikuwa bado hajapanda mlima. Alikuwa wa kwanza kwa mama yake. Wa pili ni dada yake, Regina. Wa mwisho ni Agustino, huyu anayewasomea, aliyewazidi wote wawili kwa sura.

Alisoma misheni, Morogoro, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1889. Alijifunza kusoma, kuandika, na kunyamaza padri anaposema. Hilo la mwisho halikumkaa.

Mwaka 1892 alimwoa Felista. Mama mkwe alimpima kwa kumlimisha kutwa nzima, na jioni bwana harusi akasinzia na tonge mdomoni. Walijaliwa mtoto mmoja, Leonard.

Kuanzia mwaka 1904 alikuwa mzee wa baraza kwenye boma la Morogoro. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya bwana mkubwa, Mdachi, na kumweleza desturi za Waluguru. Alitembea kifua mbele. Hata kumwamkia ulipanga foleni.

Siku moja mwaka 1908 ililetwa kesi ya shamba.

"Mzee Stefano, baba akifa, shamba la nani?"

"La watoto wa dada yake, bwana. Shamba ni la ukoo wa mama."

"Na mwanawe wa kumzaa?"

"Analima kwa wajomba zake."

Mdachi akacheka. "Kitabu cha kwetu kinampa mwana. Tafuta katikati."

Jua lilikuwa kali, kesi zilikuwa nyingi, na marehemu alipenda kuonekana hakosi jibu. "Basi bwana, changanya. Bondeni achukue mwana, mlimani wachukue wapwa."

Mdachi akapiga meza. "Hiyo ndiyo desturi ya Waluguru!"

Tangu hapo kila shamba likakatwa hivyo: bondeni kwenye maji kwa mwana, juu kwenye mawe kwa wapwa. Wazee walipolalamika waliambiwa ni mwenzao aliyesema. Marehemu alirudi bomani, kofia mkononi. "Bwana, ile haikuwa desturi. Niliitunga mimi, papo hapo." Akajibiwa, "Desturi haibadilishwi, mzee." Alirudi tena, na tena. Mwisho askari wa mlangoni wakawa wanamtania, "Shikamoo, baba desturi!" Akaacha kwenda.

Mwezi wa Machi mwaka huu, 1913, alishikwa na kichomi. Kilichomtesa zaidi ni shamba hili tuliposimama, alilolima mama yetu, ambalo lilipaswa kubaki kwa Agnes na Salum, watoto wa Regina. Alimwita Leonard kitandani.

"Mwanangu, usiende bomani kudai bonde."

"Baba, nisipokwenda mimi, akida wa boma atakuja mwenyewe kulikata. Na wanangu wale nini?"

"Wajomba zako wapo."

"Wajomba zangu nao wamekatiwa, baba. Kwa desturi yako."

Regina akasema, "Kaka, nena basi neno." Yule aliyekuwa na jibu la kila kesi akageukia ukutani. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Aprili, asubuhi, bila kulipata hilo neno.

Aliomba azikwe katikati ya shamba, pasiwe juu wala chini. Tumemchimbia hapo. Leo alfajiri akida amefika na kamba yake, akapima, akapigilia vigingi. Wanaume wazima tumesimama tukimtazama, pamoja na Agustino mwenye maneno mengi. Kamba imepita juu ya kaburi. Akida amesema sheria haina ubaya na maiti: miguu iko kwa Leonard, kichwa kiko kwa wapwa.

Marehemu ameacha mjane, Felista, mwana, Leonard, dada, Regina, mdogo wake, Agustino, na wapwa, Agnes na Salum. Wasimame tafadhali, kila mmoja upande aliopangiwa.

Alale salama kaka yetu, ingawa hatujui tumemlaza kwa nani.