Bulandina Kabugho, Aliyemwachisha Jolly Ziwa

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Bwera, nanyi mliovuka mpaka asubuhi hii kuja kutufariji, familia inawaomba uvumilivu, kwa maana historia hii iliandikwa mara mbili, ile ya kwanza ilikuwa fupi na kila mtu aliielewa, hii ya pili marehemu aliitamka mwenyewe kitandani, binti yake Jolly akaiandika, akaagizwa isomwe yote bila kurukwa neno, na hadi chai ya leo wazee walikuwa bado wanabishana kama inafaa.

Marehemu Bulandina Kabugho alizaliwa tarehe 3 Mei 1979 huko Muhokya, mtoto wa tatu wa mzee aliyelima pamba, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1994, karo ya kuendelea ikakosekana, ndipo akapelekwa mjini Kasese kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, na kuanzia mwaka 1997 alikuwa na cherehani yake hapa Bwera, akishona sare za shule na magauni ya wateja wa pande zote mbili za mpaka.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani na Bwana Nasani Bwambale, mkulima wa kahawa, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Novemba 1999 wakampata Fred, aliyenyonya vizuri na kunenepa, kisha akaanza kukonda bila sababu iliyojulikana, akafariki Agosti 2001, watu wakataja surua, wengine wakataja jicho la mtu, na hakuna aliyempima.

Mwaka 2004 alipobeba mimba ya pili, marehemu alipimwa kliniki akaambiwa ana virusi vya UKIMWI, akapewa kidonge kimoja cha kumeza uchungu ukianza, ili mtoto asiambukizwe, akakifunga kwenye pindo la kitenge na hakumwambia mtu, kwa sababu mwezi uliotangulia jirani yake alikuwa amefukuzwa na mumewe kwa majibu ya namna hiyo. Jumapili tarehe 10 Oktoba uchungu ulimshika akakimeza, jioni uchungu ukapoa, akabaki na tumbo lake na pindo tupu, asijue kama dawa ile inamngoja mtoto au imeshapita, akazunguka nayo moyoni siku tatu, hata alipofika hospitali Alhamisi alimwambia mkunga Docus kabla hata ya kusalimia, “Sista, nilimeza mapema, sasa nimemuua?” Docus akampa kingine, Jolly akazaliwa alasiri ile, naye akatiwa dawa yake ya maji mdomoni.

Aliambiwa amnyonyeshe kwa miezi mitatu, maziwa yake peke yake, kisha aache ghafla ili virusi visimfikie mtoto kwa maziwa, naye akaacha ghafla. Mama mkwe wake, Bibi Yudesi, ambaye ameruhusu maneno yake yasomwe, alikuja kutoka Rukoki akamkuta mkwewe ameketi nje, gauni limelowa kifuani, mtoto analia ndani, akawaambia majirani, “Kama hana maziwa aseme, lakini ziwa iko najaa na mutoto iko nalia, huyu mwanamuke iko na roho gani?” Bibi akamfunga mtoto mgongoni akaenda naye, na Jolly akakulia Rukoki kwa maziwa ya ng'ombe hadi alipofikisha miaka sita na kurudi Bwera, akijua jambo moja kuhusu mama yake, kwamba alimkataa. Hakujua kwamba Aprili 2006 mama yake alikuja kumchukua, akasema anampeleka kununuliwa viatu, akampitisha kliniki kwanza, akaambiwa mtoto hana virusi, akamrudisha na viatu vyake.

Bright alizaliwa Machi 2013, na safari hii mume na mke waliitwa pamoja, wote wawili wakakutwa na virusi, Bwana Nasani akasema, “Kumbe ilikuwa hii,” na wakaanza kumeza dawa kila siku mezani kwao. Lakini hapo ndipo marehemu alipochanganyikiwa zaidi, maana sasa aliambiwa anyonyeshe mwaka mzima, akamuuliza Docus, “Sasa Jolly nilimunyima nini?” Docus akamjibu, “Wakati ule tulijua ile. Leo tunajua hii.” Alimnyonyesha Bright mwaka mzima, Bright naye ni mzima, na kila alipomweka kifuani, anasema marehemu, alikuwa akimhesabia Jolly miezi.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi, na mwezi uliopita wodini alimwita Jolly, akamwambia yote haya kwa mara ya kwanza, Jolly akaandika hadi kalamu ikamshinda, akauliza, “Mbona hukunirudia, mama, ulipojua niko mzima?” na marehemu akasema, “Nilikurudia, ukakimbilia kwa bibi yako, nikaona labda ndiyo haki yangu.” Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita, ameacha mume na watoto wawili.

Rasimu ya kwanza ilisema kwamba Jolly amemsamehe mama yake, yeye akaomba tuifute sentensi hiyo, si kwa hasira, bali kwa sababu hajui kama palikuwa na kosa, wala la nani, naye Bibi Yudesi akasema hata yeye hajui, na leo wameketi mkeka mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Sista Docus aliyekuja ingawa amestaafu, majirani waliopika na kuteka maji, na mafundi cherehani wenzake walioshona sanda yake.

Bulandina, maswali tuachie sisi, wewe umeshajibu ya kutosha, pumzika kwa amani.