Vika Fonokalafi, Aliyemkumbuka Mchota Kava

Ripoti ya mwaka 2012 iliyoutangazia ulimwengu kirusi kipya cha mapafu kutoka visiwa vyetu vya Tonga ina majina kumi na manane ya watafiti. Jina la marehemu Vika Fonokalafi halimo. Imeandikwa tu kwamba "sampuli ilipatikana", kana kwamba ilidondoka kutoka mnazini.

Vika alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 kijijini Houma, mtoto wa nne wa mwalimu Mosese na Bi Kalolaine. Alisoma Nuku'alofa, kisha Suva, alikopata stashahada ya maabara mwaka 1983, akarudi kuitumikia hospitali ya kwetu hadi alipostaafu.

Mwaka 1986 aliolewa na Semisi, seremala. Semisi alipoingia maabara kueleza nia yake, alijibiwa, "Kanawe mikono kwanza, ndipo tuongee." Alinawa mara mbili.

Mei 2012, wanaume ishirini na watatu waliokuwa wakinywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, katika ukumbi mmoja walishikwa na homa ya mapafu isiyojulikana. Wanne walifariki. Siku ya kumi ikafika timu ya wataalamu wageni, na swali lao moja: nani alikunywa?

"Na Ilaisaane, binti aliyewachotea?" Vika aliuliza.

"Alikunywa, mama?"

"Mchotaji hanywi, Daktari."

"Basi hayumo."

"Hayumo vipi? Saa sita nzima amekaa mbele yao, wanamkoholea usoni! Au ugonjwa wenu nao unauliza nani kanywa?"

Walicheka. Vika hakucheka. Siku nane kabla, Ilaisaane alipoanza kukohoa, Vika alikuwa amechukua ute wa koo la binti huyo na kuugandisha. Sampuli za wanaume, zilizochukuliwa kwa kuchelewa, hazikuonyesha kitu. Ya binti ndiyo iliyokionyesha kirusi.

Marehemu aliandika mara tatu kuomba ripoti isahihishwe. Mara tatu alijibiwa kwamba ombi limepokelewa.

Kikohozi alichoambukizwa siku zile kiliyaachia mapafu yake makovu, naye alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, Semisi; watoto, Feleti na Mafi; wajukuu watano; mdogo wake Kalesita, anayesoma wasifu huu; na Ilaisaane, aliyepona, aliyeketi leo safu ya mbele pamoja na familia.

Apumzike kwa amani, ingawa sisi aliotuacha hatujatulia.

Tangu tarehe 1 Februari 2021, fomu ya kuchunguza milipuko ya magonjwa hapa visiwani haiulizi tena nani alikunywa. Inauliza nani alikuwepo.