Fundi Xavery Hhando, Aliyesikiliza Injini za Karatu (1930–1987)

Marehemu Xavery Hhando alizaliwa tarehe 12 Machi 1930 huko Kainam, Mbulu. Wazazi wake walihamia Mbulumbulu kutafuta shamba akiwa bado anabebwa mgongoni.

Alisoma shule ya misheni Mbulu tangu 1940 hadi darasa la nne, 1944, kisha akaitwa nyumbani kuchunga ng'ombe. Mwenyewe alisema tangu siku hiyo hajawahi kulala akatosheka.

Mwaka 1949 aliajiriwa kuosha matrekta kwenye shamba la kahawa Oldeani. Kwa kuosha akajifunza kufungua, na baada ya makaripio mengi akajifunza kufunga. Mwaka 1968 alianzisha gereji yake Karatu, uani kwake. Hakuwa na kifaa cha kupimia ila bisibisi ndefu: ncha aliigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, na hapo kila mtu alitakiwa kunyamaza. Mwaka 1979 dereva Boazi alimletea Land Rover ambayo injini yake ilikuwa ikigonga na kuishiwa nguvu mlimani Ngorongoro. Mafundi wengine walishabadilisha plagi, platini na kabureta bila mafanikio. Marehemu alisikiliza, akanusa moshi, akauliza, "Petroli umechanganya na nini?"

"Sijachanganya kitu, mzee."

"Kijana, injini imeshasema. Nakungoja wewe."

Boazi alikiri kuwa ni mafuta ya taa. Marehemu alimwaga tangi lote na hakumsemea kwa tajiri wake. Boazi yupo hapa leo, na ndiye aliyeomba jambo hili lisomwe.

Tarehe 8 Septemba 1956 alifunga ndoa na Bi Blandina katika kanisa la Mbulu. Bi Blandina anasema hakuolewa na mtu mmoja. Aliolewa pia na kila gari bovu kati ya Karatu na Nainokanoka. Kwa miaka thelathini alipakua chakula cha mchana, kikapoa.

Novemba 1985 miguu ya marehemu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema moyo umechoka, asinyanyue kitu kizito, apumzike. Lakini ilikuwa miaka ya vipuri kuadimika, na kila mwenye gari kuukuu alimhitaji yeye. Tuliompa pole asubuhi ndio sisi tuliobisha hodi mchana. Bi Blandina alifunga geti kwa mnyororo. Watu wakapitia kwa jirani. Alichoka, naye mumewe alichoka, na wote tuliona.

Jumanne tarehe 17 Februari 1987 lori lilizimika karibu na nyumbani, limebeba magunia ya maharage ya Mbulumbulu. Dereva alikuja kumwita.

"Maharage hayaozi kwa siku moja," Bi Blandina alisema. "Mwache baba wa watu alale."

"Mama Evarista, nakwenda kusikiliza tu," alijibu marehemu, akavaa viatu.

Alikuta waya wa koili umelegea, akaukaza. Betri ilikuwa imekufa na dereva yuko kwenye usukani, kwa hiyo marehemu alishika hendeli ya kuwashia injini, akaizungusha mwenyewe. Injini ikawaka. Yeye akakaa chini, akashika kifua.

Lori hilohilo lilimpeleka hospitali, na halikuzima njiani. Alifariki saa kumi jioni, Bi Blandina akiwa amemshika mkono. Dereva huyo asilaumiwe peke yake. Angekuwa mwingine kesho yake, na mwingine huyo angeweza kuwa yeyote kati yetu.

Marehemu ameacha mjane, Bi Blandina. Watoto wanne, Evarista, Raphaeli, Leonida na Piusi. Na wajukuu saba. Ameacha pia magari matatu uani, na wenyewe mnajijua. Bi Blandina anaomba mje kuyavuta baada ya matanga, na mkifika msipige honi.

Mungu ampe fundi wetu pumziko ambalo sisi tulimnyima.