Kiguu na Njia: Maisha ya Ardith Sandquist, Aliyewatafutia Wasafiri Mahali pa Kulala

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu, na ninyi nyote mliofika na magari yenu ya kulala kutoka Arizona, Utah na kwingineko mpaka uwanja wa kanisa ukafurika, kwa niaba ya ukoo wa Kolterman na wa Sandquist nawashukuru kwa kuja kutushika mkono, na naomba utulivu wenu niwasomee maisha ya mpendwa wetu. Mimi ni Loren Kolterman, mtoto wa kaka yake, na kwangu marehemu alikuwa shangazi.

Ardith Hulda Sandquist alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947 katika shamba la ngano na ng'ombe nje ya mji wa Fairbury, Nebraska, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Otto na marehemu Hulda Kolterman, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa vizuri, na kwamba kukaa hakujifunza tena. Akiwa na miaka sita alitoweka asubuhi katikati ya mavuno, shamba zima likaacha kazi kumtafuta, mpaka msimamizi wa reli alipomrudisha amembeba mabegani, na mama yake alipomfokea, "Wewe mtoto, ulikuwa unakwenda wapi?" alijibu bila woga, "Nilikuwa naangalia reli inaishia wapi, na sijafika bado." Alichapwa, akalia, na kesho yake akaanza kuulizia barabara.

Alipata elimu ya msingi katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa jirani na shamba lao kuanzia mwaka 1953, akaendelea na sekondari mjini Fairbury, akahitimu mwezi Mei 1965, na mwezi uliofuata alipanda basi kwenda Lincoln, akaajiriwa kuunganisha simu, kisha mwaka 1968 akahamia North Platte kwenye kampuni ya malori, akiwa mpangaji wa safari za madereva, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2002. Kwa miaka yote hiyo mwanamke aliyezaliwa na miguu isiyotulia alikaa kwenye kiti kimoja, mbele ya redio na ramani ya ukutani, akiwaambia wanaume waende wapi, na walipopiga kumwambia, "Ardith, macho yananifunga, nilale wapi leo?" aliwaelekeza kwenye ghala la nafaka ambalo mwenyewe hana neno, au kwenye kanisa lenye uwanja mpana, mahali ambapo yeye hakuwahi kupaona kwa macho ila alikuwa amesimuliwa na madereva wengine, na jambo hilo lilimkereketa moyoni kama njaa.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa katika kanisa la Kilutheri la North Platte na Merle Sandquist, dereva wa malori wa kampuni hiyo hiyo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rochelle aliyezaliwa mwaka 1973 na Galen aliyezaliwa mwaka 1976, ambao wote wapo hapa. Wazee hawa walipendana sana, lakini Mungu aliwapa kiu tofauti, kwani Merle akirudi nyumbani alitaka kiti chake cha barazani na kahawa yake, basi, na shangazi alipomwomba watoke wakaone milima, alikuwa akimjibu, "Mke wangu, barabara nimeila mpaka nimeshiba," naye anamrudishia, "Wewe umeshiba, mimi hata mchuzi sijaonja." Mwaka 2003 walinunua gari la kulala lililotumika, lenye kitanda, jiko na choo humo humo, likaegeshwa pembeni ya nyumba, na kila majira Merle aliahidi kwamba yakipita haya watakwenda, na kila majira yalipita, mpaka tarehe 2 Oktoba 2006, alipofariki ghafla akiwa amekaa kwenye kiti hicho hicho cha barazani.

Wiki tatu baada ya maziko shangazi aliliwasha lile gari. Rochelle alisimama mbele yake mikono kiunoni, akasema, "Mama, udongo wa baba haujakauka, na wewe unakwenda kutalii? Watu watasemaje?" na mama yake akajibu, "Watasema nimekwenda," akazunguka kwa nyuma ya nyumba, akatoka. Familia ilikwazika, na hatutalificha hilo leo, kwa sababu kuna Krismasi nane ambazo kiti chake mezani kilikuwa kitupu, na simu zake zilikuwa fupi, na mara nyingi hakutaja yuko wapi, kwa sababu alipokuwa anapiga alikuwa tayari anapanga kuondoka.

Huko alikokwenda ndiko alikopata kazi yake ya pili. Aligundua kwamba barabarani kumejaa watu kama yeye, wajane, wastaafu, askari wa zamani, na vijana waliofukuzwa na kodi za nyumba, ambao kambi za kulipia zinawashinda, na kila jioni wanasumbuliwa na swali moja, walale wapi pasipo kulipa au kwa kulipa kidogo, pasipo askari kuja kuwagongea dirisha na kuwaambia waondoke. Akaanza kuwatafutia. Alikagua ardhi za umma za Arizona na Nevada, ambako mtu anaruhusiwa kukaa siku kadhaa bure, bustani za miji midogo ya tambarare ambazo msafiri anapewa usiku mmoja, viwanja vya maonyesho ya kilimo, fukwe za wavuvi, na maegesho ya maduka ambayo meneja wake ni mtu wa kuombeka, na kabla hajaingiza gari kwenye njia ya vumbi aliitembea kwanza kwa miguu mpaka mwisho, aone kama kuna nafasi ya kugeuzia, na hakuwahi kulala kwenye korongo kavu, kwa hofu ya mafuriko ya ghafla, hata anga liwe jeupe namna gani. Alikuwa na sharti moja, kwamba hamwelekezi mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajalala, na alipokuwa akilala, saa ya alfajiri alikuwa macho, anazungukazunguka, anataka kujua nyuma ya kilima kile kuna nini.

Mwaka 2009, kwenye jangwa la Quartzsite ambako wasafiri hukusanyika wakati wa baridi, alikutana na bwana Teodoro Arballo, fundi umeme mstaafu wa Yuma, aliye pamoja nasi hapa, ambaye alimwambia, "Dada, watu wanapanga foleni mlangoni kwako kama kwa daktari, kwa nini tusiviweke vituo hivi kwenye mtandao?" Wakaviweka, na habari zikaenea kuliko walivyotarajia, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wengi wenu mliofika leo mnalijua.

Katika kaunti ya Tolliver, Utah, kuna kona ya mto yenye mierebi, iitwayo Willow Bend, ambayo shangazi aliipenda na kuitangaza, na kwa miaka miwili wakaja watu wengi kuliko mahali penyewe palivyoweza kubeba, wakaacha takataka, wakamwaga maji machafu mchangani, wakawasha moto hovyo, hata ng'ombe wa mfugaji mmoja, bwana Hoyt Ledbetter, wakavunjika miguu kwenye mashimo waliyochimba. Halmashauri ikaitisha kikao tarehe 17 Aprili 2014 ipafunge, na wakati huo pale mtoni alikuwa akiishi mama mmoja, Junie Pruett, na binti zake wawili, ndani ya gari bovu, wakiwa wamepoteza nyumba yao, yeye akifanya kazi ya kufua nguo katika hoteli ya mji huo, na pakifungwa hana pa kwenda ila kuacha kazi.

Shangazi aliendesha kutoka Arizona bila kupumzika, akaingia kikaoni na vumbi lake, na bwana Ledbetter akasimama akamnyooshea kidole, "Ndiye huyu! Huyu ndiye aliyetuletea nzi hawa, kisha yeye akaruka zake." Ukumbi ukamgeukia. Bwana Arballo anasema alitegemea atajitetea, kwani ulimi alikuwa nao, lakini alisema tu, "Ni kweli, ni mimi. Nimewaleta, nikaondoka. Nipeni mpaka theluji ya kwanza. Nitakaa pale mimi mwenyewe, nipasafishe na kupalinda, na theluji ikianguka mkiona pako vilevile, fungeni, sitasema neno." Mwenyekiti akamuuliza kama anajua theluji huko huanguka lini, akajibu, "Hata ingekuwa kesho, kwangu ni mbali."

Wakampa. Na huo, ndugu zangu, ndio mtihani mkubwa aliowahi kupewa maishani, mkubwa kuliko ugonjwa uliomuua, kwa sababu tangu atoke North Platte hakuwahi kulala mahali pamoja zaidi ya wiki mbili. Aliokota takataka, alifukia mashimo, aliwapanga wageni na kuwazuia waliozidi nafasi, aliwafokea waliokuja na makelele, na kazi ikiisha mchana wenyewe ukawa bado mrefu, akalizunguka gari lake mpaka pakawa na njia ardhini. Kila asubuhi aliliwasha, akaliacha lingurume, kisha akalizima, na siku moja bwana Ledbetter, aliyekuwa akipita na farasi kumchungulia, akamuuliza, "Kwani unakwenda wapi?" Akamjibu, "Siendi popote. Nalisikiliza tu." Mzee yule akasema, "Mke wangu alikuwa hivyo hivyo na piano, baada ya vidole kukakamaa," akaondoka, na jioni yake akarudi na trekta kuzoa zile takataka zilizomshinda.

Kwa kuwa mwaka huo shangazi alikuwa na mahali pa kupatikana, mwezi Agosti Rochelle alimfuata. Walikaa kando ya mto, binti akamwuliza lile swali alilolibeba miaka minane, kwa nini hakungoja hata mwezi, na shangazi akamwambia, "Nilikuwa kila nikifungua mlango, kile kiti cha baba yako kinanitazama. Ningekaa ningekufa, Rochelle. Na nilimkasirikia. Alinizuia miaka yote, kisha akaenda yeye kwanza." Rochelle alisema, "Ungeniambia, mama," naye akasema, "Ningekuambia nikiwa nimesimama wapi, mwanangu? Mimi sikuwa nimesimama." Walilia, wakacheka, na kesho yake Rochelle akavaa glavu akaokota chupa pamoja naye. Theluji ilianguka tarehe 2 Novemba, halmashauri ikaja, ikatazama, ikapaacha wazi, na mpaka leo pako wazi, na Junie Pruett, aliyepata nyumba ya kupanga mwaka uliofuata, ndiye anayepasimamia. Shangazi aliondoka siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Alianza kuugua mwezi Septemba 2022, pumzi ikawa fupi, miguu ikavimba, na hospitali moja ya Arizona ikabaini kwamba moyo umechoka sana na hautapona. Rochelle alimleta hapa mjini anakoishi, akamwandalia chumba chenye dirisha la mashariki, shangazi akakitazama, akayasifu mapazia yake, akarudi kulala kwenye gari lake lililoegeshwa mbele ya nyumba. Siku ya nne alikuja jirani, bwana Norbert Zwiener, akagonga kwa ustaarabu, akamweleza kwamba sheria ya mtaa hairuhusu mtu kulala ndani ya gari mahali pamoja zaidi ya siku tatu, na shangazi, aliyekuwa amewekewa mito mgongoni ili aweze kupumua, akamwambia, "Sheria nzuri hiyo. Hata mimi siku tatu zinanichosha. Kwako je, pana nafasi?" Bwana Zwiener alikuja kushtaki, akajikuta anaondoa gari lake ili apishe.

Tangu hapo, majira yote ya baridi na ya kuchipua, mtaa huu ukawa barabara yake. Kila siku ya tatu mtu mmoja alitoka kusogeza gari, mwingine akanyoosha waya wa umeme kutoka dirishani kwake, mwingine akapiga koleo theluji, na shangazi akahama nyumba moja mbele, akitazama kila asubuhi mti mwingine na mbwa mwingine, na kila akifika alimtaka mwenye nyumba amweleze nani alijenga pale na nyuma ya uzio kuna nini. Daktari alisema asisumbuliwe kwa kuhamishwahamishwa, kisha alipomsikiliza kifua na kumwona uso, akasema, "Mhamisheni."

Asubuhi ya Jumapili tarehe 21 Mei 2023 ilikuwa zamu ya kwenda kwa Bi. Leota Farris, nyumba ya mwisho kabla ya mtaa kukata kona. Rochelle alishika usukani, Galen alikaa pembeni ya kitanda akimshika mama yake mkono, na gari lilipotoka alimsikia akiuliza, kwa sauti ndogo lakini ya mtu aliye macho, "Huko mbele panaonekana nini?" Galen akamwambia panaonekana kona, na mashamba baada ya kona. Rochelle alipofika kwa Bi. Farris hakusimama, akapita, akakata kona, akaendesha polepole kati ya mashamba mabichi ya ngano huku analia, na huko njiani, bila maumivu, shangazi yetu akakata roho. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na kaka mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja kumtibu bila kujua kila wiki watamkuta mbele ya mlango upi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa malori, bwana Arballo, bwana Ledbetter aliyetuma salamu kwa kuwa hawezi tena kusafiri, na wasafiri wote mliomwita dada na mama. Majirani wa mtaa huu, hatuna neno linalowatosha. Tumesikia kwamba tangu juzi wageni wetu hawajapata shida ya mahali pa kulala, na kwamba bwana Zwiener ana magari matatu uani kwake na anaulizia la nne.

Shangazi Ardith, tulikutaka ukae, na ulikaa kadiri ulivyoweza. Mungu akupokee huko mbele, akupe malalo mema, upumzike kwa amani.