Kijana Aliyeacha Bendi Akapuliza Hewa

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu wake mmoja umevunjika tukaegemeza tofali, kati ya cherehani yangu na kibanda cha Kamusi. Kamusi ni kinyozi. Tulimpa jina hilo kwa sababu ana methali ya kila jambo, na hakuna hata moja inayotua panapostahili. Wakili anachonga funguo. Sheria aliisomea kwenye viti vya mahakama, akisubiri kesi yake ya ugomvi wa uzio. Mama Birika anatuuzia kahawa na kutuvumilia. Mwenye shughuli asubuhi hiyo alikuwa Mzee Koneti. Huyu alipuliza koneti, ile tarumbeta fupi, katika bendi ya kiwanda mpaka akastaafu. Mwanawe wa kwanza, aliyemfundisha tarumbeta yeye mwenyewe, aliiacha nafasi yake katika bendi hiyo hiyo ili apulize muziki ambao haujui hadi autoe mdomoni. Sasa kiongozi wa bendi yuko tayari kumrudisha, anataka jibu kabla ya mchana, na kwa heshima ya zamani anataka alitoe mzee. Jana jioni tulikwenda wote ukumbini kumsikiliza kijana, ili tutoe hukumu ya haki. Niseme mapema: watu hawa ni wenzangu, lakini wananichosha.

— Nimelea, akaanza Mzee Koneti. Nimelea, nimesomesha, meno yake ya utoto nimemng'oa kwa mkono huu ili ya ukubwani yakae sawa kwenye tarumbeta. Halafu jana nimevaa koti, nimekaa mstari wa mbele, mwanangu ananitemea mate!

— Hakukutemea, nikasema. Alimwaga kwenye kitambaa maji ya pumzi yanayojikusanya ndani ya tarumbeta.

— Mbele za watu? Kwetu maji ya ala yalimwagwa nyuma ya jengo, kama mtu anavyokwenda haja. Mgeni hakuyaona.

Wakili akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue kesi imeanza.

— Tuweke ushahidi mezani, akasema. Tumefika mapema, maana kwa Mzee hapa, ukifika kwa wakati umeshachelewa. Ukumbi mtupu. Kijana anatoka na kandambili. Anakaa sakafuni. Anapuliza: fuuuu. Hewa tupu. Wimbo haupo, mdundo haupo.

— Kisha akachomoa pistoni, zile za kubonyeza kwa vidole, akazipaka mafuta! Mzee akapiga paja. Katikati ya wimbo, mtu anafungua ala!

— Kisha akachomoa mdomo wa tarumbeta akaupuliza peke yake, pwii, pwii, kama bata aliyebanwa na mlango, akasema Kamusi. Ndipo wahenga wakasema, chanda chema huvikwa pete.

— Pete imeingiaje hapo?

— Kidole kisichogusa pistoni utakivika wapi pete?

Nilikuwa nashona mfuko wa suruali ya mteja. Nikaushona ukafungika juu na chini.

— Na sisi watu wa adabu, akaendelea Wakili, tukasimama, tukapiga makofi. Yeye akatukodolea macho, akainamisha kichwa, akaingia ndani. Asante hakusema. Tukaondoka zetu.

— Labda kulikuwa na kingine baadaye, akasema Mama Birika, akimimina.

— Kingine kipi, mama? Ameshapuliza, ameshapaka mafuta, ameshainama. Akiinama ndiyo mwisho. Hata kwenye ngoma za shule.

— Mimi nauliza tu.

— Uliza kahawa.

Mama Birika akampa Wakili kikombe chenye machicha.

— Lakini kula anakula, nikasema, kwa sababu lazima mmoja wetu awe na akili. Anafundisha watoto wa shule kupuliza. Anaalikwa huku na huku. Mwezi ujao si anasafiri na wenzake?

— Wenzake gani! Mzee akafoka. Mmoja anapuliza trombone aliyoiziba kwa kopo. Mwingine anapuliza bomba la maji, na kadi yake imeandikwa msanii. Nilimwuliza mwanangu, utastaafu lini? Akacheka. Baba, muziki huu haustaafishi mtu. Nikamwambia, ndicho ninachokiogopa.

Kisha sauti ikamshuka.

— Mimi nilivaa sare. Nikipita barabarani mtu anajua huyu ni nani. Mwanangu likimpata la kumpata, mama yake akiulizwa alikuwa anafanya kazi gani, aseme nini? Alikuwa anapuliza?

Hapo ningeomba tunyamaze. Mzee alikuwa amesema jambo lake, na lilikuwa jambo zito. Lakini kijiweni kwetu ukimya hauruhusiwi kukaa, kiti chake huchukuliwa haraka.

— Unajua wanaomwalika huko nje wanataka nini? akasema Wakili. Pumzi. Wanairekodi ile fuuu. Wanaiuza kwa watengenezaji wa filamu. Kila tairi linalotoboka kwenye filamu, lile ni pafu la mtoto wako.

— Si tairi, akasema Kamusi. Ni panya. Kuna sauti binadamu haisikii vizuri, panya akiisikia anahama nyumba. Jana mliona panya ukumbini?

— Hatukuona.

— Umeona! Ndiyo maana ya paka akiondoka panya hutawala.

— Kamusi, paka kaondoka wapi?

— Hajaondoka. Ndiyo maana panya hawakutawala.

— Nyote hamjafika, akasema Wakili, sasa amesimama. Wanauza ukimya! Wanakutesa kwanza kwa ile pwii, ukirudi nyumbani unaona kelele za mkeo ni asali. Watu wenye ndoa mbovu wanakata tiketi. Ni tiba ile, tena ya siri.

— Basi kijana ni daktari, akasema Mama Birika. Mzee, umepata daktari.

Mzee Koneti hakucheka. Alitoa simu mfukoni, akaishika kwa mikono yote miwili.

— Mseme basi. Nimpigie kiongozi nimwambie nini?

— Kwanza umwulize mwenyewe kijana, nikasema. Ana mke, ana ndevu, si mtoto.

— Nikimwuliza atakataa.

— Basi umeshapata jibu.

— Fundi, wewe shona, akasema Wakili. Mzee, mpigie. Ushahidi tumeuona kwa macho yetu na kuusikia kwa masikio yetu. Rufaa hakuna.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Kamusi kwa huruma. Kwa hiyo yazoe mapema.

Mzee akabonyeza. Tukasikia inaita. Akasimama wima, kama bado ana sare.

— Kiongozi? Ndiyo, mimi. Mwandike. Jumatatu atakuwepo. Ndiyo, nimezungumza naye. Huyo mwingine aliyeiomba, mwambie nafasi imejaa. Asante, mwanangu. Asante sana.

Akakaa. Wakili akampiga bega, Kamusi akaagiza kahawa kwa wote, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Mimi nilikuwa nafumua mfuko ule kwa wembe, hasira imenipanda, sijui namkasirikia nani. Nimezungumza naye! Na sisi tulikaa pale tukaumeza uongo ule pamoja na kahawa.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja tusiyemjua, amejitwika nyaya nene begani. Akamsalimia kila mtu kwa zamu, akatuamkia wazee, akaomba kahawa kali.

— Karibu ukae, akasema Mama Birika. Umetoka wapi na mzigo huo?

— Ukumbini, mama. Mimi fundi wa sauti. Tumemaliza kufungasha vitu vya onyesho la jana.

Wakili akajivuta mbele.

— Jana nasi tulikuwepo! Yule wa tarumbeta. Pole sana na kazi yako, dada.

— Pole ya nini? Ilikuwa nzuri sana. Ila ilinitia huzuni, mpaka sasa haijanitoka. Akanywa funda. Mwanzoni tulicheka. Kijana alitoka mapema kupasha tarumbeta moto, yeye hupashia jukwaani, asikie ukumbi unavyoitikia. Wakaingia wazee fulani kabla ya muda, mimi niliona visogo tu, wakadhani ndiyo muziki wenyewe. Wakampigia makofi ya kusimama! Akaona haya kuwakatiza, akainama, akaingia ndani kubadilisha viatu.

Wakili akaanza kuchunguza funguo zake, moja baada ya nyingine. Kamusi akaanza kukunja kitambaa chake cha kunyolea.

— Na watu walipojaa? akauliza Mama Birika. Nilimwona anamtazama Mzee kwa pembe ya jicho.

— Akaanza na wimbo wa bendi ya kiwanda, ule wa kufunga zamu. Akaufumua polepole, mpaka ukabaki uzi mmoja. Kisha akafunua koneti ya zamani iliyokuwa kwenye kiti jukwaani, imesuguliwa inang'aa. Akasema, hii ni ya baba yangu, nimeiazima bila ruhusa. Kila ninachokijua cha pumzi nimekipata kwake. Nimemwona ameingia, amekaa mstari wa mbele. Namwomba apande, tupige pamoja, hatujafanya mazoezi na hatuyahitaji.

Mzee Koneti hakuwa akipepesa macho.

— Akapuliza sauti moja, ndefu, ya kumngoja. Hakuikata. Anavuta hewa kwa pua, anapuliza kwa mdomo, sauti inakwenda tu. Watu wakageuka, wanatafuta nani atainuka. Mimi nikawasha taa za chini, maana nilidhani mzee haoni ngazi. Mstari wa mbele mtupu. Na yeye anapuliza, anangoja. Alipokata, macho yalikuwa yamejaa machozi.

Birika lilikuwa linachemka. Hakuna aliyenyoosha kikombe.

— Koneti ameiacha palepale kwenye kiti. Nilimwambia kijana nimpelekee baba yake nyumbani, akakataa. Anasema baba mwenyewe atakuja kuichukua. Lakini leo ukumbi unafungwa, na mimi sijui nimtafute wapi huyo mzee.

Dada akatutazama kwa zamu, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

— Nyinyi mmekaa mtaa huu siku nyingi. Baba yake mnamjua?

Swali dogo kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kijiweni kwetu. Nilimngoja Kamusi atoe methali, hata isiyotua. Nilimngoja Wakili apinge. Baba mwenyewe alikuwa ameketi katikati yetu, simu bado mkononi.