Wasifu wa Tabibu Veneranda Gervasi, Aliyeisahihisha Fomu Yake Mahakamani

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja hapa Rusimbi, tunayemsindikiza leo ni Tabibu Veneranda Gervasi.

Marehemu alizaliwa Kagunga tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa Mzee Gervasi na Mama Agnesi. Akiwa na miaka tisa alimshona kuku wa jirani aliyechanwa na mbwa, kwa uzi wa nyavu za baba yake. Kuku alipona, akaendelea kutaga, na jirani akagoma kumchinja mpaka akafa kwa uzee.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari Kigoma mjini. Mwaka 1980 alihitimu utabibu Tabora, akapangiwa zahanati ya ufukweni, kaskazini mwa mkoa. Mwaka 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Oswald, mtu mpole aliyejifunza kupika kwa sababu mkewe hakuwa na saa ya kurudi nyumbani.

Agosti 1991 wavuvi wawili waligombania mahali pa kuanikia dagaa. Mmoja wao, Martini, mdogo wa marehemu, akamchoma mwenzake Hamdani kisu mkononi. Tabibu alikuwa mmoja tu, hivyo Hamdani alishonwa na dada wa aliyemchoma. Jeraha lilikuwa la sentimita mbili. Kule visu vya samaki hukata watu kila wiki, naye alishazoea kupima kwa rula. Kwenye fomu ya polisi, PF3, aliandika "madhara" tu, hakuandika "madhara makubwa". Hakuwa anamkinga Martini. Aliamini ndivyo ilivyo.

Wiki sita baadaye Hamdani alishindwa kushika kikombe cha chai mbele yake. Kano zilikuwa zimekatika, na vidole vitatu havikukunjika tena. Marehemu aliazima Kanuni ya Adhabu kwa karani wa mahakama, akazisoma kurasa za madhara makubwa mara mbili. Akaona kwamba sheria haiulizi kidonda kina urefu gani. Inauliza mwili umeharibiwa nini kisichorudi.

Kesi ilikuwa haijasikilizwa. Angenyamaza, Martini angepata adhabu nyepesi na hakuna ambaye angejua. Mama yao alimpigia magoti. "Mwana wanje, mwanangu," alimwambia, "huyo unayemfunga ulimbeba mgongoni." Marehemu alilia, kisha akapanda boti kwenda mjini kumwona mwendesha mashtaka, na shtaka likabadilishwa kuwa la kusababisha madhara makubwa.

Mahakamani wakili wa Martini alimuuliza kama hakimu aiamini fomu au amwamini yeye.

"Aniamini mimi," alijibu. "Siku ile nilipima ngozi. Mkono sikuupima."

Mtu kusimama mbele ya watu, akakiri kosa lake kwa hasara ya nduguye wa tumbo moja! Hadi leo jambo hilo linatutia hofu na heshima kwa pamoja. Martini alihukumiwa miaka minne. Kila mwezi dada yake alikwenda gerezani na sabuni na dagaa, na miezi kumi na moja Martini alikataa kumwona. Mwezi wa kumi na mbili alitoka kuonana naye, akiwa amejiandaa kumtukana.

"Sikuja kuomba msamaha, mdogo wangu," marehemu alisema. "Nimekuja kukuona."

Baadaye alihamia Gungu, hapa mjini, akawafundisha matabibu vijana hadi alipostaafu mwaka 2018. Aliwakataza kujaza PF3 kabla majeruhi hajawashika mkono kwa nguvu zake zote. Wanawake waliopigwa na waume zao, walioambiwa wakayamalize nyumbani, kwake walipimwa na kuandikiwa kama majeruhi wengine wote.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Aliugua bila makeke, akiwakosoa wauguzi kwa upole. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Julai 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mume, Mwalimu Oswald. Watoto wawili, Catherine na Erasto. Na wajukuu sita. Bwana Hamdani naye yuko nasi, amefika jana kutoka Kagunga. Ameacha pia mdogo wake, Martini, aliyeuandika wasifu huu na ndiye anayeusoma mbele yenu. Anakiri hapa kaburini kile alichokikana mahakamani: mkono ule aliuharibu yeye, na dada yake alisema kweli.

Pumzika kwa amani, Dada.