Bima Aliyokatiwa Mama Luciana

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, mimi ni Bertilla, kitinda mimba wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Luciana Sikazwe, aliyezaliwa kijiji cha Kate tarehe 14 Machi 1961, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1976.

Alianza kwa kuuza ulezi mnadani, akafunga ndoa na baba yetu, marehemu Stephano, tarehe 5 Juni 1982, wakajaliwa watoto watatu, Adolfu, Rozina na mimi, na biashara ikakua hadi akawa anasafirisha mahindi kwa boti kutoka Kasanga kwenda Kongo.

Mwaka 2016 Yoramu, wakala wa bima hapa Sumbawanga, tuliyekuwa tukisali naye jumuiya moja, alimkatia mama bima ya mzigo, kwamba boti ikizama atalipwa. Tarehe 9 Novemba boti ilizama karibu na Kipili, na kaka Adolfu, aliyekuwa akisindikiza mahindi, hakuonekana tena. Mama alipopeleka hati yake, kampuni ikasema haimtambui, kumbe Yoramu alikula ada na hati akaichapa mwenyewe, na mama alipomfuata akamjibu, "Mama Adolfu, shukuru Mungu una watoto wengine."

Neno hilo mama hakulisahau hata siku moja. Alizunguka Matai, Kasanga na Kipili akitafuta waliouziwa hati kama yake, akapata kumi na mmoja, akaandamana nao mahakamani, na tarehe 20 Agosti 2019 Yoramu alipofungwa miaka mitano, mama alivaa kitenge kipya.

Mwaka jana aligundulika na saratani ya koo. Yoramu, akiwa ametoka gerezani, alikuja kuomba msamaha, mama akamwacha apige magoti mpaka amalize, kisha akamwambia kwa sauti iliyokwisha kukauka, "Nimekusikia. Kamwombe Adolfu." Alifariki juzi, Jumanne, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha, na wafanyabiashara wenzake mliotoka mbali.

Yoramu, nakuona hapo mwisho wa turubai. Mama aliagiza udongo wa mkono wako usiguse jeneza lake, na mimi na Rozina tutasimama kaburini mpaka lifukiwe.

Pumzika kwa amani, mama, sisi bado.